Kidole Gumba Changu na Mguu wa Mkwe

Vijana wa chumba cha vidonda walioniaga kwa keki na kitenge waliniomba niwaandikie niliyoyaona kazini. Nadhani walitegemea hotuba. Hotuba nimezisikia nyingi na sikumbuki hata moja, kwa hiyo nitawaandikia habari za vidonda. Mambo ya vyeo na mishahara waulizeni wanaoyapenda. Mimi maisha yangu ya kazi nimeyapitisha nimeinamia miguu ya watu, na ukiwa umeinama huko chini vyeo havionekani vizuri.

Nilianza katika hospitali ya misheni, upande wa Uwemba, msichana mwembamba niliyevaa sare iliyoshonwa kwa ajili ya mtu mwingine. Kulikuwa na baridi ile ya Juni, mtu akiongea mvuke unamtoka mdomoni. Nikapewa kazi rahisi: kumfungua bandeji mzee aliyejikata kwa shoka akipasua kuni za miti ya miwati. Nilifungua, nikaona, halafu dari ikageuka. Nilipozinduka nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe amesimama kwa mguu mmoja ananipepea kwa kofia.

"Pole, sista," akaniambia. "Hata mimi jana kilinitisha hivyo hivyo."

Basi, mnaodhani mimi nilizaliwa na roho ngumu, mjue kwamba mgonjwa wangu wa kwanza ndiye aliyenihudumia.

Aliyenifundisha kazi ni Sista Mechtilda, mtawa mfupi mwenye mikono mikubwa kama ya mpasua mbao. Hakuamini vitabu peke yake. Alichukua foronya, akatia viazi ndani yake, vingine vizima na vingine vimeoza, akafunga mdomo kwa kamba. Kazi yetu ilikuwa kupapasa kwa nje na kumwambia kipi kizima, kipi kina maji, kipi kigumu nje na laini ndani. Tulicheka sana, mpaka siku alipotupatia vile vilivyooza tuvipike wenyewe kwa sababu tulisema ni vizima. Baada ya hapo kila mmoja wetu alipapasa kwa makini. Alikuwa akisema mtu asishike chuma kabla hajaweka kiganja, na akikukuta umeshika chuma kwanza alikupiga kofi la mkono, mtawa au si mtawa.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuwa na tabia yake. Kulikuwa na koleo lililobana pale lilipopenda tu. Kulikuwa na jiko la mafuta ya taa la kuchemshia vyombo, ambalo lilizimika kila alipokuja mgeni wa heshima. Mimi nilipenda mkasi wa bandeji, ule wenye ncha butu usiomchoma mgonjwa. Nimepigana vita vingi kwa ajili ya mkasi huo. Nimewahi kuukuta unakata nywele, unakata kamba ya mbuzi, na mara moja unakata donge la chapati jikoni kwa wapishi. Ninyi mnaopewa mikasi mipya kwenye pakiti, mshukuru Mungu na mfunge kabati.

Baadaye nikahamia Makambako, kwenye kituo cha afya, na huko ndiko nilikomalizia. Makambako ni njia panda, na vidonda vyake ni vya njia panda. Vijana wa bodaboda na abiria wao wote wana kovu la bomba la moshi kwenye kigimbi, mahali pale pale, utadhani ni chapa ya ukoo. Na hakuna aliyekuja kwetu kabla hajajitibu. Walipaka dawa ya meno, majivu, asali, grisi, unga wa betri. Nilifika mahali naweza kutambua kazi ya mtu kwa harufu ya kidonda chake. Fundi gari na muuza nyanya hawawezi kunidanganya.

Kitu kilichonikera kuliko vyote ni neno jipu. Kila uvimbe kwetu ni jipu. Ngiri ni jipu, tezi ni jipu, mfupa uliovunjika na kuungana vibaya nao ni jipu. Na tuliyekuwa naye kituoni, Tabibu Bosco, hakutusaidia. Bosco ni kijana mzuri, mpole, mwenye mkono mwepesi wa kupasua majipu kuliko mtu yeyote niliyefanya naye kazi. Tatizo ni kwamba alijua hivyo. Mtu akiingia mlangoni anachechemea, Bosco alishaanza kuvaa glavu.

Sasa nifike kwa Obadia, maana najua ndiyo habari mnayoisubiri, na wengi wenu mmeisikia ikiwa imetiwa chumvi. Wengine wanasema nilimshika mguu kutoka Makambako mpaka Songea. Ni mpaka Njombe tu.

Obadia ni mume wa binti yangu Neema. Ni Mkinga wa Makete, mfanyabiashara wa viazi, wanaishi Lyamkena. Wasiotoka kwetu inabidi niwaeleze kidogo hapa. Katika ukoo wetu sisi Wabena, na kwa bahati katika ukoo wao pia, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawagusani. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hawazungumzi moja kwa moja ila kwa kupitia mtu wa tatu. Mkikutana kwenye kichochoro, mmoja anageukia ukutani. Si chuki. Ni heshima, na siku hizi wengi wameilegeza, wanakumbatiana na wakwe zao mpaka kwenye picha za harusi. Obadia hakulegeza hata uzi mmoja. Akiniona sokoni aliingia nyuma ya magunia. Kanisani alikaa nyuma ya nguzo, na nguzo za kanisa letu ni nyembamba, yeye ni mnene, kwa hiyo nilikuwa namwona kila Jumapili vipande viwili, kimoja kila upande. Nilimpenda kwa hilo. Mtu anayejitaabisha namna hiyo kwa ajili ya heshima yako, utamchukiaje?

Ubaya ni mpira. Obadia alicheza winga katika timu ya maveterani, watu wazima wenye vitambi ambao mazoezi yao ni mafupi kuliko vikao vyao. Kifundo chake cha mguu kilimsumbua muda mrefu, kila akikimbia kinakwama. Wakapiga picha, ikaonekana kipande cha mfupa kimebanduka kinazurura ndani ya kiungo. Akaenda Dar es Salaam kwa bingwa. Huko hawakumchana. Walimtoboa vitundu viwili mbele ya kifundo, kila kimoja cha kupitisha penseli, wakaingiza kamera nyembamba kwenye kimoja na kijikoleo kwenye kingine, wakakitoa kile kipande. Akarudi anatembea kwa magongo, ana furaha, ameambiwa akafungwe kidonda kwenye kituo kilicho karibu na nyumbani.

Kituo kilicho karibu na nyumbani kilikuwa na mama mkwe wake ndani.

Hakuja. Nilimtumia ujumbe kwa Neema kwamba aje siku zangu za mapumziko, akaja, Bosco akamtoa nyuzi, vitundu vikafunga vizuri. Mimi nikajua yamekwisha. Kumbe baada ya majuma kadhaa ukaota uvimbe mbele ya kifundo, karibu na kimoja cha vile vitundu. Mama yake alikuwa amekuja kutoka Makete kumwuguza, akawa anaukanda kwa maji ya moto na chumvi kila jioni. Kadiri alivyokanda ndivyo ulivyokua. Obadia akauficha ndani ya soksi ya sufu na buti la mpira, na kwa baridi yetu nani atamshangaa mtu aliyevaa soksi ya sufu? Ulifika ukubwa wa parachichi dogo ndipo Neema alipomfukuza nyumbani aende hospitali.

Siku hiyo Neema alijua nimepumzika. Hakujua kwamba nilibadilishana zamu na mwenzangu aliyekuwa na msiba. Niko nyuma ya pazia la chumba cha vidonda nakunja vitambaa vya gozi, nikasikia sauti ninayoifahamu.

"Kamwene, daktari. Yule mama hayupo?"

 Nadhani Bosco alilionyesha pazia kwa midomo tu. Nikakohoa kidogo, kwa heshima, ili mgonjwa ajue hali ilivyo.

"Bosco," nikasema, "mwulize huyo mtu anaumwa nini."

"Sista, si anakusikia?"

"Nimekwambia mwulize."

"Mwambie mama ni jipu tu," akasema Obadia. "Asihangaike."

"Mwulize limeanza lini."

"Mwambie mama limeanza baada ya ile operesheni ya kamera. Lilikuwa dogo, sasa ndiyo hivi."

Nikamwuliza Bosco kama lina moto. Akasema wa wastani. Lina kichwa? Halina. Mtu ana homa? Hana. Na huku ananijibu nilisikia karatasi ya kisu ikichanwa. Nikamwambia asubiri, jipu kubwa namna hiyo lisilo na homa wala kichwa linanitia mashaka, amwite daktari. Bosco hakuwa mbishi. Alimwita.

Daktari Agnes alikuwa bado mgeni kwetu, binti wa Tanga, mwembamba, siku zote ana koti juu ya koti. Aliingia anakimbia kutoka wodi ya wazazi, kwa sababu kulikuwa na mama wa kupasuliwa. Nilimsikia akimsalimia Obadia, kisha nikasikia kimya. Alikuwa ameweka kiganja. Akaweka na kipimo cha kusikilizia mapigo juu ya ule uvimbe.

"Bosco," akasema polepole, "kiweke hicho kisu chini."

Bosco akakiweka kama mtu anayeweka yai, sikusikia hata mlio.

"Hili si jipu. Njoo uweke kidole hapa. Unaona linavyoinuka na kushuka pamoja na moyo? Sikiliza na ndani, damu inapita kama cherehani. Mshipa mkubwa unaoleta damu mguuni unapita hapa hapa mbele ya kifundo. Wakati wa ile operesheni umeguswa kidogo, ukavuja taratibu, damu ikajitengenezea kifuko pembeni. Ni nadra sana, hutokea hata kwa mabingwa wazuri. Nimesoma habari zake, kwa macho yangu sijawahi kuuona. Ungeuchana, damu ingefika darini."

Nilisikia Bosco akiketi kwenye kiti cha wagonjwa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba naye alihisi linacheza, ila alidhani limeiva.

Daktari akasema Obadia apelekwe Njombe mara moja, kwa daktari wa upasuaji mwenye ultrasaundi ya kuonyesha mishipa, na mpaka gari lije asikanyage chini kabisa, maana ngozi juu ya uvimbe imekuwa nyembamba kama karatasi. Yalikuwa maneno mazuri kabisa. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa Tanga na hajui mambo yetu, akasema, "Sista, njoo umfunge bandeji ya kubana," akalifungua pazia lote kwa mkupuo mmoja.

Niko hapo, na vitambaa vyangu. Obadia yuko hapo, amelala chali kitandani, suruali imekunjwa mpaka juu ya goti, mbele ya mama mkwe wake.

Aliruka. Hakuna neno jingine. Mtu wa unene ule sikujua anaweza kuruka vile, na maveterani wenzake wangemwona wangempa namba ya kudumu. Alitua kwa mguu ule ule mbovu, ameshaugeukia ukuta kwa heshima, na ngozi juu ya uvimbe ikapasuka. Damu ilitoka kwa kishindo, ikapiga kalenda ya ukutani.

Sikufikiri. Ninyi mtaniuliza nilifikiri nini, na nawaambia sikufikiri. Nilikuwa sakafuni, nimeushika mguu kwa mikono miwili, kidole gumba cha kulia kimezama pale damu inapotokea, nasukuma mpaka nausikia mfupa. Damu ikasimama. Tulimlaza Obadia pale pale chini. Alijifunika uso kwa viganja, na maneno aliyokuwa akiyarudia ni haya: "Samahani, mama. Samahani, mama." Mtu anatokwa damu, anaomba radhi kwa mguu wake.

Daktari akamtundikia maji, akaleta bandeji za kubana, akajaribu mara kadhaa kushika nafasi yangu. Kila nilipolegeza, damu iliruka tena, na kila ilipopotea midomo ya Obadia ilizidi kupauka. Mwishowe daktari akanitazama.

"Sista, mimi siwezi kuondoka, yule mama yuko mezani na Bosco lazima anisaidie. Utakwenda naye. Usikitoe hicho kidole mpaka Njombe."

Nikamwambia kuna jambo la ukwe. Akasema, "Ukwe gani?" Nikaona si wakati wa kumfundisha mila. Tukabebwa wote wawili kama kifurushi kimoja, yeye kwenye machela na mimi nimeinama nimeng'ang'ania mguuni, tukapakiwa kwenye gari la wagonjwa.

Dereva wetu alikuwa Mzee Galus, Mpangwa wa Ludewa, mtu wa maneno ya kuhesabu. Obadia alijifunika blanketi mpaka juu ya kichwa, ikabaki miguu tu. Mimi nimepiga magoti kwenye sakafu ya gari, natazama mlango. Hivyo ndivyo tulivyotoka Makambako.

"Mzee Galus," blanketi likasema, "mwambie mama kidole chake kinaniumiza sana."

"Mzee Galus, mwambie kisipomwumiza ndipo aogope."

"Mmesikiana," akasema Mzee Galus. "Mimi dereva, si mshenga. Na hapa mbele kuna lori la mbao."

Ilibidi niujue mguu una hali gani. Mshipa ukibanwa hivyo, damu ya kushuka vidoleni inapungua, na ikipungua sana, mguu unakufa ukiwa bado umeungana na mwenyewe. Nikamtuma Mzee Galus amwulize kama anavisikia vidole. Jibu likaja kwamba anavisikia, ila ni vya baridi. Sasa, mtu wa Njombe akikwambia vidole vyake ni vya baridi mwezi wa Agosti, amekwambia nini? Vyangu mimi mzima vilikuwa kama vya maiti. Njia ni moja tu, kulinganisha na mguu wa pili.

"Mzee Galus, mwambie namvua soksi ya mguu mzima."

Blanketi likajikunyata.

"Mwambie mama... sawa."

Nikamvua kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo sasa nimeshika miguu yote miwili ya mkwe wangu, na kama wazee wa ukoo wangelisimamisha lile gari tungelipa faini ya kuku wote wa wilaya. Mguu mzima ulikuwa wa baridi ya kawaida, baridi yetu. Ule mbovu ulikuwa wa baridi nyingine, na mweupe mpaka kwenye kucha. Hapo nikaogopa. Nawaambia wazi, niliogopa kuliko siku nyingine yoyote ya kazi yangu. Nilimwona Neema na watoto wake wadogo, na baba yao anasambaza viazi kwa mguu mmoja, au hayupo kabisa, na mimi bibi yao ndiye niliyekuwa nimemshikilia.

Simu ya Mzee Galus ikalia, akaiweka sauti ya juu. Alikuwa Neema, yuko kwenye basi nyuma yetu.

"Mama, wanasema kuna mtu kamshika ule mshipa. Ni nani?"

"Mimi."

"Wewe? Kwa mkono wako?"

"Kama una mwingine, mlete."

Nikasikia analia, halafu nikasikia anacheka, halafu mtandao ukakata.

Baada ya hapo Obadia akanyamaza, na kimya chake sikukipenda. Blanketi lilikuwa halisogei sawasawa. Nikamwambia Mzee Galus amsemeshe, akasema hana la kumsemesha, hawajuani. Basi nikatafuta kitu ambacho Mkinga wa Makete hawezi kukinyamazia.

"Mzee Galus, wewe hununui viazi vya Makete, sivyo? Vile vya maji maji, ukivikaanga vinalia tu kwenye mafuta."

Nikaongeza sauti.

"Vyetu vya Njombe ndivyo viazi. Vile vya Makete wanawapa nguruwe."

Blanketi likatikisika. "Mwambie mama," likasema kwa sauti nyembamba, "mwambie mama si kweli."

"Mwambie namjua mtu aliyevipanda, akaona aibu kuvivuna."

"Mwambie mama mbegu ya Njombe yenyewe inatoka wapi!"

Tukaenda hivyo, kwenye ukungu, tunapita mashamba ya miwati na misonobari, natukana viazi vya watu na mkwe wangu anavitetea kwa pumzi aliyobakiwa nayo. Kila alipozama nilitukana zaidi. Nikatukana magunia yao, mizani yao, hata udongo wao. Mzee Galus, ambaye hakuwa na maneno, alianza kuingilia kati upande wa Makete, akasema mama umezidi sasa. Mgongo ulikuwa unaniwaka na kidole nilikuwa sikisikii tena, nilikuwa nakitazama tu kuhakikisha bado kipo mahali pake.

Njombe walikuwa wanatusubiri, Daktari Agnes alishapiga simu. Mtaalamu wa ultrasaundi aliniomba nikitoe kidole apate picha nzuri; nikamwambia apige kandokando. Akapiga kandokando, akaona kifuko na tundu lake, akaacha kunisumbua. Tukaingia chumba cha upasuaji mimi bado niko chini ya mashuka ya kijani, nimepakwa dawa mkono mzima kama sehemu ya mgonjwa. Daktari wa upasuaji, Daktari Fidelis, ni mtu wa utani, alinisalimia kama amenikuta sokoni. Alifunga mpira wa kuzuia damu juu ya kigimbi, akafungua, akauweka mshipa kwenye kibanio.

"Haya, sista. Toa kidole."

Sikuweza. Kilikuwa kimekakamaa. Ilibidi muuguzi anifunue mkono kidole kwa kidole kama anayefungua ngumi ya mtoto mbishi. Tundu lenyewe, daktari alinionyesha, lilikuwa dogo kama punje ya mchele. Zogo lote lile ni punje ya mchele. Alikata kipande cha mshipa wa juu juu wa mguu, akakishona kama kiraka. Akaniambia, huku anashona, jambo ninalotaka mlishike ninyi mnaobaki: mtu aliyepita kwenye operesheni ya matundu ya kifundo, akirudi na uvimbe mbele ya mguu, iwe ni baada ya siku au majuma, msiuite jipu mpaka mmeweka kiganja, mmesikiliza, na ikiwezekana mmeupiga picha. Msiukande. Msiuchome sindano kuona kuna nini. Mara nyingi litakuwa jambo dogo. Lakini siku moja halitakuwa dogo, na siku hiyo kisu chenu kikae chini.

Halafu akaniambia na lile la pili, bila utani. Mguu umekaa muda mrefu bila damu ya kutosha. Kiraka kimeshika, lakini kama damu imeganda huko mbele, mapigo hayatarudi kwenye mgongo wa mguu, na yasiporudi atamrudisha mezani, na baada ya hapo hawezi kuniahidi mguu.

Obadia alipelekwa wodini. Mimi nilikunywa chai, nikabadilishiwa sare, na hatari ikiwa imepita mikononi mwangu, mila ikanirudia. Nikasimama kwenye korido, nimegeukia ukuta. Neema alikuwa amefika, yuko kando ya kitanda. Wauguzi wawili wa wodi, mabinti wadogo, walikuwa wameuinamia ule mguu wanatafuta mapigo. Nilisikia mmoja anasema ameyapata, kisha anasema hapana, ni yake mwenyewe ya kidoleni. Mwingine akajaribu. Wakabadilishana. Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba labda amwite Daktari Fidelis, mwingine akasema yuko kwenye operesheni nyingine. Ukuta wa korido ile umepakwa rangi ya kijani mpaka nusu, na mimi nilikuwa naiangalia ile rangi kama nimeandikiwa kitu.

"Sista," nikasikia Obadia akiwaambia, "ngojeni kidogo."

Nikageuka kidogo, si kwa kumtazama. Alikuwa amelitoa blanketi usoni. Macho yake yalikuwa mekundu, na yalikuwa yananitazama mimi, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu. Sikujua yana rangi ya kahawia namna ile. Akausogeza mguu wake polepole mpaka ukatokeza nje ya shuka, upande wangu.

Nikaingia. Neema akasogea. Nikaweka vidole viwili kwenye mgongo wa mguu, katikati, pale mifupa inapoachana, nikafumba macho. Kwanza sikusikia kitu. Nikapunguza nguvu, maana mkono ulikuwa bado umekakamaa na ulikuwa unasukuma mno. Nikapunguza tena. Nikangoja.

"Mama," akasema Obadia, hakumtuma mtu, "yapo?"

Yalikuwa membamba, ya mbali, lakini yalikuwa yake.

"Yapo, baba," nikamwambia. "Yapo."

Wale mabinti wakasema sasa wanaweza kuendelea wao. Nikawaambia wasubiri, na nikaviacha vidole vyangu pale pale.